Vigoda Vilivyotazamwa

Nehemiah alikuwa mchongaji wa vigoda katika kijiji chetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Garsen. Kigoda chake kilitoka katika gogo moja, bila msumari wala gundi, na miguu yake ilikuwa miguu ya mamba. Kucha alizichonga moja moja. Nilikaa naye jirani miaka ishirini, na nimeona watoto wadogo wakikataa kukalia vigoda vile kwa hofu ya kushikwa.

Mwisho wa mwaka 1997 mto ulivunja kingo. Maji yalipopungua, shamba lake la mpunga na ndizi lilikuwa chini ya mchanga unaofika magotini. Sisi wengine tulipata hapa na pale pa kupanda tena, yeye hakupata. Alimwambia mkewe, Priscilla, kwamba atautegemea uchongaji kwa mwaka mmoja. Usipowalisha, atauza tezo ya kuchongea aliyoachiwa na babake, aende Garsen kutafuta kazi ya ulinzi. Nilikuwepo alipolisema. Priscilla aliendelea kupepeta mahindi ya msaada.

Wanunuzi hawakuwapo. Wageni waliiogopa barabara ya Lamu kwa ajili ya majambazi, na wenyeji walikuwa wakitafuta chakula, si vigoda. Mama mmoja wa shirika lililoleta mahindi ndiye aliyetuambia kwamba Malindi kuna watu wanaotengenezea wachongaji kurasa kwenye intaneti, na watu wa nchi za mbali huziona. Alivipiga picha vigoda vinane, na safari iliyofuata akaleta picha zenyewe zikiwa zimesafishwa. Nehemiah aliniomba nimsindikize Malindi, kwa kuwa yeye aliacha shule darasa la tatu na mimi nilimaliza la saba. Nilikubali, ingawa mbele ya watu wa ofisi ulimi wangu huwa mzito.

Tulikwenda kwanza kwa mtu aitwaye Mwaringa, mwenye kompyuta mbili na feni. Alitupatia viti. Alieleza kwamba ukurasa wake unalipiwa kila mwaka, na kwa hesabu yetu ilikuwa bei ya mbuzi wawili. Akasema barua zikija atazijibu yeye, na kigoda kikiuzwa atakiondoa, mtu asikiagize tena. Nehemiah alinitazama. Nilitazama sakafu.

Duka la pili lilikuwa la msichana aliyeitwa Kahaso, nyuma ya soko. Kwake ukurasa ulikuwa bure. Kampuni ya ng'ambo inautoa, juu yake inaweka matangazo yake, basi. Sisi tungelipa mara moja tu kazi ya kuingiza picha, bei ya kuku wawili.

"Wazee, tofauti ni nini?" alisema Kahaso. "Kwa Mwaringa mnalipia feni."

Tulicheka wote. Nilitaka kumuuliza nani atakayejibu mnunuzi akiandika, na nani atakayeondoa kilichouzwa. Swali lilikuwa mdomoni. Lakini palikuwa na watu wawili nyuma yetu wakingoja, nikaona haya kuwachelewesha. Nehemiah aliponiuliza kwa sauti ya chini nasemaje, nikamwambia huu wa bure unatosha.

Ukurasa ulikuwa tayari siku ileile. Vigoda vilishuka kwenye kioo polepole, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayevuta pazia. Chini kabisa palikuwa na kisanduku chenye namba. Kahaso alisema namba ile inahesabu waliotazama.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, nasi hatukujua. Babake Nehemiah, ambaye naye alikuwa mchongaji, alimfunza sheria moja. Mtu ukimwonyesha kazi yako naye akaitazama, kazi ile imeshikwa. Huwezi kumuuzia mwingine mpaka yule wa kwanza aseme kwa kinywa chake kwamba haitaki. Kijijini sheria hiyo haikumsumbua mtu, maana jibu lilipatikana kabla ya jua kutua. Nehemiah aliichukua vilevile akaipeleka kwenye intaneti.

Mimi nilikuwa nikienda Malindi kila mwezi na maembe au samaki wakavu, na kila mara nilipita kwa Kahaso. Barua hazikuwapo, lakini namba ilipanda. Mwezi wa pili ilikuwa kumi na saba, mwezi wa tano arobaini na moja. Nilirudi nikamwambia Nehemiah kama mtu anayeleta habari njema. Alivifunika vigoda vinane kwa gunia, akaviweka chini ya kitanda. Hakuchonga vingine, kwa sababu magogo mazuri mto ulikuwa umeyachukua, na aliona si adabu kuanza kazi mpya na watu arobaini na mmoja hawajajibu.

Mwezi wa sita alikuja Bishara. Alikuwa mama wa Kiorma, mjane, aliyekuwa akifungua hoteli ya chai na nyama kando ya barabara kuu pale Garsen. Alikuwa amesikia habari za vigoda akavitaka vyote vinane. Pesa alikuja nazo zimefungwa pembeni mwa mtandio. Priscilla alivitoa mwenyewe kutoka chini ya kitanda, akavipanguza vumbi kwa kanga yake.

Nehemiah alisimama mlangoni. Akasema vimeshatazamwa.

"Vimetazamwa na nani?" aliuliza Bishara.

"Watu arobaini na mmoja."

Bishara alitazama uani, kulikokuwa na kuku mmoja na mimi. "Wako wapi, fundi? Niwapikie chai?"

Nehemiah alieleza habari za kisanduku na namba. Bishara alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema kwamba kwao Waorma, ng'ombe akitazamwa na watu mia, huondoka na yule aliyeshika kamba.

"Kwenu," Nehemiah alijibu.

Priscilla alimwita kando. Sikusikia yote. Nilisikia akisema, "Baba Dorothy, tunakula nini?" Yeye alimwambia kwamba akiliua neno la babake kwa ajili ya chakula, hata tezo yenyewe haitakuwa na maana. Bishara aliondoka bila kugombana. Wiki iliyofuata lori lilimletea viti vya plastiki kutoka Malindi, vyekundu na vyeupe.

Safari iliyofuata nilijilazimisha. Nilingoja dukani mpaka wateja wote walipoondoka, ndipo nikamuuliza Kahaso watu wale ni akina nani, na kwa nini hawaandiki.

"Watu gani, baba?" alisema. "Hiyo namba ni sisi. Kila nikifungua inahesabu. Laini ikikatika nikafungua tena, inahesabu tena. Na mteja akija kuuliza ukurasa wa intaneti ni kitu gani, namwonyesha huo wenu, maana sina mwingine mzuri."

Nilimuuliza kama angalau mmoja aliulizia bei. Akatikisa kichwa.

Nilimweleza Nehemiah siku ileile niliporudi, tukiwa tumekaa nje ya nyumba yake. Sikumficha swali nililolimeza siku ya kwanza. Alichora mchangani kwa kidole cha mguu. Nilitamani anitukane.

"Kwa hiyo waliovitazama hawakuja kwa ajili ya vigoda," alisema mwishowe.

"La."

"Lakini wewe ulivitazama. Kila mwezi."

"Nilivitazama."

"Unavitaka?"

Niliielewa maana yake. Nilikuwa na watoto watano na shamba nusu, hata kigoda kimoja nisingekiweza. Nilijua pia kwamba akiliomba neno lile, analiomba ili vigoda viwe huru.

"Sivitaki," nikasema. Sijawahi kusema neno zito kuliko hilo, na nililisema nikitazama chini.

Kesho yake alivibeba viwili hadi kwa Bishara. Bishara alimwonyesha viti vyake. Alisema angemsaidia kama si hivyo, ila pesa zote zimekwisha. Alichokuwa nacho ni kazi ya kulinda hoteli.

Tezo aliinunua mtu wa Wenje anayechonga michi na vinu. Nehemiah yuko kwa Bishara hadi leo, mlangoni, kwenye kiti chekundu cha plastiki. Nikipita tunasalimiana. Vigoda viko chini ya kitanda, na Priscilla ameniambia vinne vimeingiwa na mchwa. Ukurasa ungalipo. Kahaso aliolewa akahama, na hakuna mwingine ajuaye neno la kuufungulia ili ufutwe. Mara ya mwisho nilipouona namba ilikuwa sitini na nane. Sikumwambia.