Dalali wa Nyumba Zisizojengwa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kama jana. Nilikuwa mke mpya hapa Uganda, mjini Arua, upande wa kuelekea Onduparaka, nikiwa na mimba yangu ya kwanza. Niliishi na mume wangu Drani na mama yake, mzaliwa wa Koboko, mjane wa askari. Paa letu lilikuwa la nyasi.

Wiki hiyo gari la manispaa lilipita na kipaza sauti: nyumba za nyasi hazitakiwi tena mjini, na serikali itajenga nyumba za bei nafuu kwa watu wa kipato kidogo. Likaenda zake. Hofu ikabaki, na hofu, mwanangu, haikosi dalali wake.

Wa kwetu alifika asubuhi na vijana wawili, wakaanza kupigilia vigingi uani kabla hata ya salamu.

“Kesho greda ya kubomoa iko hapa,” akamwambia Drani. “Leo mimi nanunua hii kiwanja. Mutu ya kuuza mapema, jina yake iko mbele kwa nyumba mpya.”

Jirani yetu Onzima alikuwa ameshauza. Drani akashika kalamu atie sahihi. Mama mkwe akatoka jikoni, unga wa muhogo umemjaa mikononi.

“Weka kalamu chini.” Kisha akamgeukia dalali. “Hiyo nyumba mpya iko wapi? Onyesha mimi mlango yake.”

“Bado kujenga, mama. Lakini serikali imesema.”

“Imesema, sawa. Mutu analala ndani ya neno?”

Dalali akakasirika. “Vunja hiyo jiko!” akafoka. Kijana mmoja akainua nyundo. Mama mkwe akaegemea ukuta wa jiko.

“Vunja. Anza na mimi.”

Majirani walijaa kwenye ua. Nilishika tumbo langu. Nyundo ilikaa hewani, kijana akimtazama yule mama, mama akimtazama yeye. Mwishowe akaishusha, wakaondoka wakitukana.

Nilidhani mama mkwe atashangilia. Badala yake alimkemea mwanawe: “Wewe iko na miguu, ofisi iko na mlango. Kwa nini unauliza mutu ya kununua?”

Tukaenda manispaa mchana huohuo. Afisa akatuambia hakuna wa kufukuzwa kiwanjani kwake. Kinachotakiwa ni ramani ya nyumba na paa la mabati, na muda upo. Greda halikuja. Tulichoma matofali kila kiangazi hadi tukajenga na kuezeka mabati.

Nyumba za bei nafuu nazo zilijengwa, miaka mingi baadaye, na ni nzuri, sisemi uongo. Lakini zilinunuliwa kwa mkopo, na benki ilitaka mtu wa mshahara. Onzima aliuza karanga sokoni, nani angemkopesha? Alikufa akiwa mpangaji huko Aroi, nje ya mji.

Sasa nasikia nawe umefuatwa na dalali. Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Mpango wa serikali usiukimbie wala usiuabudu. Nenda mwenyewe ukaulize nyumba iko wapi, na mtu wa kipato chako anaingiaje. Kuuliza si ujinga. Na anayekuharakisha utie sahihi, huyo mfungie mlango.

Mungu akupe kiwanja kisicho na ugomvi, na watoto wako wakue pasipo kuhamishwahamishwa. Amina.