Chini ya Kibanja cha Kokushubila

Mke wangu aliitwa Kokushubila. Alikuwa mkulima wa kibanja huko Kyerwa, halafu akawa bibi wa kulea wajukuu huku Doonside, Sydney. Kazi ya kwanza aliipenda zaidi. Ya pili aliifanya vizuri.

Kibanja chetu si kikubwa. Ni migomba, na mibuni kati ya migomba, na nyasi zimetandazwa chini ya yote. Nyasi alizitandaza yeye. Ukikanyaga mahali alipotandaza asubuhi, alikusema mpaka jioni. Akilima alikuta vijiwe vyeusi, vidogo ila vizito ajabu. Hakuvipenda, viliharibu jembe. Akavitupa njiani. Kimoja kikubwa alikiweka mlangoni, mlango usipigwe na upepo.

Mtoto wetu Godfrey ndiye aliyetuita Sydney. Yeye yuko ofisini, mkewe Brigitha ni nesi wa wazee, na watoto walitaka mtu wa kuwaangalia. Tukaja wawili. Kibanja nikamwachia mdogo wangu Kassian. Tulisema tutakaa kidogo. Korona ikaja, mipaka ikafungwa, tukaendelea kukaa.

Kokushubila alikufa baridi ya mwaka 2021, tukiwa kwenye lokdauni. Ulikuwa moyo, haikuwa Korona. Watu wameniuliza sana, ndiyo maana naandika. Mazishini waliruhusiwa wachache. Wengine walituona kwenye simu. Simu aliishika Brigitha, kwa hiyo yeye haonekani. Tulimlaza kwenye makaburi ukishapita Granville. Kumpeleka nyumbani hatukuweza. Baada ya hapo sheria ikasema tusitoke zaidi ya kilomita tano. Yeye alikuwa mbali kuliko hapo.

Kwetu mtu akifia mbali na mwili usirudi, unazikwa mgomba badala yake. Unakatwa, unavikwa shuka, unalazwa kaburini. Kassian alifanya hivyo pale kibanjani, kando ya makaburi ya baba na mama. Watu wakalia, wakanyoa. Mimi nikanyolea bafuni huku.

Siku si nyingi Kassian akapiga simu.

"Kaka, yale mawe ya shemeji."

"Yapi?"

"Ya njiani. Ni madini ya bati."

Nikamwambia basi kijiji kizima kimejikwaa kwenye bati miaka yote hiyo.

"Kuna mtu amekuja," akasema. "Anataka kununua chini."

"Chini ya nini?"

"Ya kibanja. Juu inabaki yetu. Anasema tutalima kama kawaida."

Godfrey alifurahi, na hakuwa na ulafi. Alisema kwa fedha ile, mipaka ikifunguliwa, tutamfukua mama na kumrudisha nyumbani. Hilo ndilo lililonizuia kukataa pale pale. Nilitaka arudi. Sikutaka kitu kingine.

Akasoma kwenye kompyuta, akanieleza. "Baba, kisheria madini ni ya serikali. Leseni ataomba yeye. Wewe unauza ridhaa tu."

"Kwa hiyo nauza kisicho changu."

"Unauza ruhusa ya kukifikia."

"Na ruhusa ni yangu?"

"Ndiyo, Baba."

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa nusu.

Jumapili tukaongea na mnunuzi, akiwa pamoja na Kassian. Kwetu jioni, kwao asubuhi. Simu tuliiweka mezani, na sauti ikafunguliwa. Mnunuzi alikuwa na adabu. Aliniamkia mara mbili, akanipa pole ya msiba.

Nikamuuliza, "Juu inaishia wapi?"

"Vipi, mzee?"

"Juu yangu, chini yako. Mpaka uko wapi?"

"Tuseme pale inapoishia mizizi."

"Ya mgomba au ya mbuni? Ya mbuni inakwenda mbali."

"Tutaandika kwa mita, mzee."

"Na makaburi?"

"Tunayaheshimu. Tutayahamisha kwa gharama yetu, na padri tutamleta sisi. Baba yako na mama yako, hao wawili."

"Watatu."

Kassian akakohoa. Mnunuzi akapunguza sauti. "Samahani mzee, lile la tatu nimeambiwa ni mgomba."

"Kassian," nikasema, "mlipouzika, mlilia?"

"Tulilia, kaka."

"Mlinyoa?"

"Hata kina mama."

"Basi ni watatu."

"Sawa, watatu," mnunuzi akasema. Alikubali upesi, kama mtu anayeona basi linaondoka.

"Na mama Godfrey mwenyewe tukimleta, atalala juu au chini?"

Godfrey akaniangalia.

"Kaburi ni futi sita," mnunuzi akasema. "Kwa hiyo, mzee, kwa kweli..."

"Kwa hiyo ni kwako."

"Tutaweka kipengele. Mtaruhusiwa kuzika."

"Tukikuomba."

"Ni taarifa tu, mzee."

"Mimi nikifa, taarifa niilete mwenyewe?"

Kassian alicheka, kisha akakumbuka kuna msiba.

Nikawaambia ninavyoona. Tunauza chini tupate nauli ya kumrudisha. Akifika, chini ya kumlaza hatuna.

"Tutanunua mahali pa kuzikia, Baba," Godfrey akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa mtu yeyote."

"Hatalala kwa mtu yeyote."

Godfrey akainuka, akaenda kufunga bomba la jikoni. Lilikuwa limefungwa. Akakaa huko kidogo.

Mnunuzi akasema nikitaka kuuza vyote, juu na chini, bei itakuwa nyingine. Nikamwambia siuzi. Nikamwelekeza kwa jirani. Kokushubila alikuwa akimrushia vijiwe vingi upande wake. Mnunuzi akashukuru, akaaga.

Kassian hakukata simu.

"Kaka, kuna jambo sijakuambia. Ule mgomba umechipua."

"Umechipuaje?"

"Tuliukata haraka haraka. Inatakiwa tuzike gogo peke yake. Mimi nikachimbua na shina lake, na mizizi, nikavisha shuka vyote. Sasa wazee wananisema. Wanataka niung'oe. Wanasema kaburi halioti kitu."

"Ni wa kupika au wa pombe?"

"Wa kupika."

"Afadhali. Pombe hakuwa akinywa."

"Niung'oe?"

"Utandazie nyasi. Na usikanyage."

"Wazee nitawaambia nini?"

"Waambie kosa ni lako, amri ni yangu."

Nikamuuliza lile jiwe la mlangoni liko wapi. Alikuwa amelificha chini ya kitanda tangu mnunuzi alipokuja. Nikamwambia alirudishe mlangoni.

Godfrey alirudi mezani akiwa amenawa uso. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina hakika, ila nimeamua. Akasema basi nauli tutadunduliza. Brigitha akaleta chai.

Oktoba wakalegeza sheria, Godfrey akanipeleka makaburini. Nyasi za pale zinakatwa kwa mashine, zinabaki fupi sana. Asingezipenda. Nilisimama upande wa miguu nisimkanyage, nikampa habari. Nilimwambia nauli bado. Mahali papo.