Mshale Kwenye Kumi

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu. Nimeishia darasa la nne, nimetoka kijijini kwetu Kaoze na shati moja, nimeziba pancha za baiskeli pembeni ya barabara pale Katandala mpaka vidole vikasahau rangi yake, na leo nina karakana ya kuchomelea mageti Chanji, nina mashine ya kusaga, na nina nyumba ya vigae. Ukiona Sumbawanga geti lenye simba wawili wanaotazamana, hao simba ni wangu. Wapo wanaosema wanafanana na mbwa. Hao hawajawahi kumwona simba. Mimi pia sijamwona, lakini mimi sikuuziwa geti.

Nyuma ya karakana kuna banda la mabati. Humo siingizi kazi ya mteja hata moja. Jioni vijana wakishaondoka najifungia peke yangu na vyuma chakavu, natengeneza ninachotaka. Mke wangu analiita wodi ya vichaa. Mimi naliita banda la akili. Humo ndimo nilimotengeneza mashine ya kupukuchua mahindi kwa kukanyaga pedeli, ambayo inapukuchua vizuri sana ila mahindi yote yanaangukia juu ya paa. Humo ndimo ilimozaliwa ile saa.

Chanzo chake ni hasira. Mteja mmoja mgeni alinitumia ujumbe kwenye simu: tukutane 9:00 tuzungumzie mageti ya hosteli. Nikavaa shati jeupe, nikafika saa tisa alasiri, mapema kidogo hata. Kumbe yeye alimaanisha saa tatu asubuhi. Kazi alikuwa ameshampa mtu mwingine, mtu ambaye akichomelea bawaba unadhani kuku amepita na uji.

Sikushangaa. Nilikaa bandani nikawaza. Asubuhi jua likishachomoza sisi tunasema saa moja. Tazama saa ya ukutani: mshale uko kwenye saba. Mtoto anafundishwa kutazama saba na kutamka moja, kutazama kumi na kutamka nne. Nchi nzima tunaona hiki tunasema kile, maprofesa na mawaziri ndani yake, na hakuna aliyeinua mkono kuuliza. Nikasema basi, nitainua mimi wa darasa la nne. Nitatengeneza saa inayosema tunachosema. Ikiwa ni saa moja, mshale uwe kwenye moja.

Nikampelekea mke wangu habari hiyo jikoni. Akageuza ugali mara mbili, akasema, "Si ungeitundika tu ile ya sebuleni juu chini?"

Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayoua ufundi nchini.

Niliijenga kwa rimu ya nyuma ya baiskeli, mnyororo, na gia nilizokata mwenyewe kwa tupa. Uso wake ni bati la duara, kubwa kama ungo, namba nimezipaka rangi nyekundu ya mageti. Haina betri wala umeme. Inakwenda kwa uzito: debe la ulezi linaning'inia kwenye kamba, linashuka polepole kutwa nzima, na linaposhuka linavuta mnyororo. Upau mmoja wa chuma unayumba kushoto na kulia, unaachia jino moja moja la gia. Ko. Ko. Ko. Mlango wa pili walikuwa wakiisikia.

Kwa nini ulezi, sio jiwe? Swali hilo wenye vyeti huniuliza, nami nawafundisha. Jiwe huwezi kulirekebisha. Ulezi, saa ikienda mbio unachota konzi moja, ikichelewa unarudisha. Shida ilikuwa mama watoto naye anachota za uji. Siku za uji saa ilizubaa, nikajua bila kuambiwa nani amekunywa.

Nikaitoa ile ya zamani sebuleni, nikaitundika yangu, na debe likawa linashuka juu ya kochi kubwa. Mgeni akikaa pale asubuhi, mchana inabidi asogee.

Sasa, binti yangu mkubwa ni muuguzi. Alishachumbiwa mara moja, na ile posa iliharibika kwa sababu ambazo hazinihusu. Watu wa upande ule walisema eti baba wa binti anasimulia maisha yake mpaka chakula kinapoa. Walikuja, wakasikiliza, hawakurudi. Sasa alipopatikana kijana mwingine, fundi umeme, mtu wa adabu, binti yangu alinifuata bandani, akasimama mlangoni na sare yake ya kazi.

"Baba, hii ikiharibika mimi sileti mwingine. Nimechoka kuwa hadithi ya wodini."

"Itaharibikaje na mimi nipo?"

"Ndicho ninachoogopa, baba."

Mshenga wao alikuja alasiri moja na barua ya posa. Alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mzee mkavu wa koti, mtu wa kuyapima maneno moja moja. Nilimpa shikamoo, nikamkalisha, akasogezwa na debe, kisha nikamweleza saa yangu kuanzia rimu mpaka rangi. Alisikiliza yote. Akatazama saa yake ya mkononi, akatazama ya ukutani. Ilikuwa saa tisa. Mshale wangu kwenye tisa, wake kwenye tatu.

"Hizi hazielewani," akasema.

"Hiyo yako inasema uongo, mzee wangu, ila umeizoea."

Tukapanga siku ya kuja kujibiwa: Jumamosi, saa nne. Nami kwa kuwa napenda nidhamu nikaweka sharti, kama ilivyo kawaida ya posa. Upande utakaochelewa, au usiokuwa na watu wake kamili, faini elfu hamsini.

"Saa nne kwa saa ipi?" akauliza karani.

"Kwa hii hapa. Nyumba hii ina saa moja tu."

"Saa nne kwa hii. Yaani mshale mfupi ukiwa kwenye kumi."

"Kwenye kumi, ndiyo. Kwani saa nne huwa wapi?"

Alinitazama. Akaitazama saa. "Kumi?"

"Kumi, mzee wangu! Au tukuletee miwani?"

"Hapana," akasema, "nimeelewa." Akaaga, akaondoka.

Kaka yangu mkubwa alipanda kutoka Kaoze siku moja kabla. Kwetu baba mzazi hajibu posa. Mimi ninakaa tu kama mtungi, anayejibu ni kaka, na bila mdomo wake hakuna kilichojibiwa. Jumamosi asubuhi pilau ilikuwa tayari, kuku wamekaangwa, wamama wamefunga vitenge vya sare, binti yangu amesukwa nywele mpya. Saa nne ikafika. Barabara nyeupe. Saa tano. Kaka akauliza kama wakwe wanatokea ng'ambo. Simu ya mshenga haikupatikana, na kumpigia kijana mwenyewe haiwezekani. Baba gani anamfukuzia mchumba wa bintiye kwenye simu?

Saa saba watoto wa majirani walikuwa wanakula kuku wa posa. Kaka akasimama, akachukua kofia yake.

"Umedharauliwa," akasema, "na mimi nimedharauliwa kupitia kwako. Gari la Kaoze linaondoka saa nane."

"Kaka, subiri kidogo."

Yaliyofuata aliyasema kwa Kifipa, na kwa ajili ya heshima ya marehemu mama yetu siyaandiki. Akaenda zake. Binti yangu alivua hereni, akaziweka mezani moja moja.

"Baba, uliwaambia nini?"

"Niliwaambia saa nne! Nani asiyejua saa nne?"

Saa kumi jioni, ko, ko, ko, tukasikia vigelegele nje. Magari mawili. Wamama wanacheza, kreti za soda kichwani, vitenge, blanketi la bibi, kijana amevaa suti, na mbele yao yule karani, koti limepigwa pasi, anatabasamu kama mtu aliyewahi.

Nikawapokea mlangoni na moto wangu wote. "Karibuni, wakwe. Faini yenu iko wapi?"

"Faini ya nini?" akauliza karani.

"Mmechelewa saa sita nzima!"

"Tumechelewa kwa saa ipi?"

"Kwa saa ya nyumba hii!"

"Vizuri," akasema. "Twende tukaitazame."

Tukaingia wote, wao na sisi, sebule ikajaa. Karani akasimama mbele ya saa yangu, akainua fimbo yake, akagusa mshale mfupi.

"Mshale uko kwenye namba gani?"

"Kumi," wakajibu.

"Nawauliza nyote, upande huu na upande ule. Mshale ukiwa kwenye kumi, ni saa ngapi?"

Na nyumba nzima, wakwe na majirani, mke wangu, dada zangu wa tumbo moja, wakaitikia kama watoto wa shule:

"Saa nne!"

Mimi pia niliitikia. Mdomo ulifunguka wenyewe.

Karani akanigeukia taratibu. "Mwenye nyumba alisema saa nne, kwa saa hii, mshale kwenye kumi. Nilimuuliza mara ya pili, akataka kuniletea miwani. Mimi nikasema, pengine ukoo huu unajibu posa jioni. Tumefika mshale ukiwa kwenye kumi. Hatujachelewa hata dakika."

Shangazi mmoja wa upande wao akapiga kigelegele kifupi. Hata dada yangu alicheka, ambaye anakula mahindi ya mashine yangu.

"Sasa," akaendelea karani, "mwenye maneno wa upande wenu yuko wapi? Maana tuliambiwa usiokuwa na watu wake kamili..."

Watu wakanigeukia mimi. Ikabaki ko, ko. Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, bila hereni. Hakulia wala hakupandisha sauti.

"Baba," akasema. "Kamlete baba mkubwa."

Nilitoka nikasimamisha bodaboda. Kijana akasema, "Mambo, mzee! Wapi?" Nikamwambia stendi, kwa mwendo ambao hajawahi kwenda. Namshukuru Mungu kwa jambo moja: gari la kuondoka saa nane haliondoki saa nane, linaondoka likijaa. Lori lilikuwa pale pale. Kaka alikuwa ameketi juu ya magunia, koti kichwani kwa ajili ya vumbi, anakula karanga.

"Kaka, shuka. Wamekuja."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa kumi."

Akatafuna. "Kwa saa ipi?"

Abiria wote wakageuka. Ikanibidi nieleze pale chini, nikipiga kelele kushinda injini, mshale gani ulikuwa wapi na nani alisema nini. Mama mmoja mwenye kuku akasema, "Masikini, ameanza lini?" Dereva akasema nauli hairudishwi. Kaka akasema nauli yake ni elfu kumi na tano, nami nitamrudishia, na koti lake limechanika kwenye bati la lori kwa sababu yangu, na yeye hawezi kujibu posa akiwa amechanika. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. Mwenye duka aliona haraka yangu, akanitajia elfu arobaini na tano, nami sikubishana hata senti. Tukapanda bodaboda moja watu watatu, kaka katikati na koti lenye karatasi ya bei mgongoni, kwenda na kurudi elfu sita.

Tulipofika, nyumba ilinukia chakula. Pilau ilikuwa imekwisha mchana, kwa hiyo mke wangu alituma wanawake kwa jirani wakakopa kuku watatu, elfu kumi na mbili kila mmoja. Unga haukutosha. Nikasikia mashine yangu ya kusaga inaunguruma huko nje, na nikahisi kuna kitu kimepungua sebuleni. Kulikuwa kimya. Debe lilikuwa linaning'inia tupu, na mshale umesimama pale pale, kwenye kumi.

"Umechukua uzito wa saa!" nikamwambia.

"Nimechukua ulezi," akasema. "Wageni hawali saa."

Kaka akaketi kwenye kochi kubwa, ambalo sasa halikuwa na debe la kumsogeza mtu. Akaonja ugali. Akaitazama saa kwa muda, akamtazama karani.

"Mmefika saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne, mzee," wakaitikia wote, huku wanacheka.

"Basi mmewahi," kaka akasema. "Binti aitwe."

Binti akaitwa. Alikuwa amerudisha hereni. Aliulizwa mara tatu kama anamjua kijana huyu na kama kilicholetwa kipokewe, na mara tatu alisema ndiyo, ya tatu kwa sauti iliyofika mpaka mlango wa pili. Mimi nilikaa kama mtungi. Elfu hamsini yangu nilimkabidhi karani mbele ya watu, akazihesabu noti kwa kidole kilicholowa mate, kisha akaniuliza kwa upole kama ninaweza kumtengenezea na yeye moja, ndogo, ya mezani.

Waliofunga ndoa sasa wanaishi Katandala, na wageni wao huwahi. Saa yangu bado iko ukutani, mshale kwenye kumi, na mara mbili kila siku inasema kweli, ingawa watu hawakubaliani ni mara zipi. Pembeni yake mke wangu ameweka ya duka, ya betri, ameitundika wima, elfu kumi na nne na mia tano.

Je, nilishangaa siku ile? Sikushangaa. Nilichelewa kidogo kuelewa, basi. Na watu wakiniuliza nawaambia ukweli, kwamba saa ile niliijenga kwa vyuma chakavu na haikunigharimu hata senti, ukiacha faini, koti, nauli, bodaboda, kuku na hiyo ya betri, ambavyo kwa pamoja ni shilingi laki moja na elfu sitini na sita na mia tano.