Niliinua Mkono kwa Fungu la Tatu

Ninaandika haya nikiwa mzima, na ninayaandika kwa aibu. Wewe unayeficha ugonjwa wako, soma mpaka mwisho.

Mimi ni kijana wa Kasongo, mashariki mwa Kongo. Nilisoma utawala chuo kikuu, nikarudi nyumbani na shahada, na watu wakaanza kuniita Lisansie, nusu kwa heshima, nusu kwa mzaha. Nina tabia ya kufikiri kupita kiasi. Nikimsalimu mtu asubuhi, hadi saa sita bado najiuliza kama sauti yangu ilikuwa na dharau.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, siku moja nilizinduka sakafuni. Ulimi ulikuwa umekatika upande, suruali imelowa mkojo, kichwa kizito kama kimejaa mchanga. Wenzangu walikuwa wamesimama mbali, ukutani. Daktari aliniambia ni kifafa, akaniandikia fenobarbital, kidonge kimoja kila jioni. "Kunywa kila siku," alisema, "hata ukijisikia muzuri." Nilimwambia mama yangu peke yake. Naye akanishika mdomo kwa vidole vyake.

"Mutoto wangu, usiambie mutu. Hapa watu wanakimbia ule ugonjwa."

Nilikunywa. Miaka miwili sikuanguka. Niliporudi Kasongo nilipata kazi ya uandishi katika mutuelle yetu, chama ambacho kila familia inachangia ili wagonjwa wake watibiwe. Kazi yangu ilikuwa kugonga muhuri kwenye daftari za wanachama na kutunza karatasi ya dawa iliyobandikwa mlangoni.

Karatasi ile ilikuwa na mafungu matatu. Fungu la kwanza ni dawa zisizo na jina la kiwanda, ambazo kituo cha afya huagiza kwa makopo makubwa. Hizo mutuelle inalipa zote. Fungu la pili ni dawa za boksi, zenye jina la kiwanda. Mgonjwa analipa nusu. Fungu la tatu, mgonjwa anajitegemea. Fenobarbital ilikuwa fungu la kwanza. Ningeipata palepale, hatua kumi kutoka kwenye meza yangu.

Lakini ningelazimika kuiandika kwenye daftari langu, na daftari husomwa na komite, kamati ya mutuelle. Kwa hiyo niliagiza vidonge vyangu kutoka mji wa Salamabila, kupitia ndugu yangu mwenye pikipiki. Nilimwambia ni vitamini. Nilivibeba mfukoni katika kikopo cha pipi.

Kila mwezi mama mmoja, Mama Zaina, alikuja na daftari la binti yake Mwayuma, wa miaka tisa. Dawa ileile, kidonge kilekile cheupe. Niligonga muhuri bila kumtazama usoni.

Kisha fedha za kasha la mutuelle zikapungua, na mkutano ukaitwa ili baadhi ya dawa zishushwe fungu. Mzee mmoja wa komite akasimama.

"Malaria inapona siku tatu. Lakini hii dawa ya kuanguka, mutu anaikula miaka na miaka! Na ule ugonjwa ni wa mizimu. Sasa tunalipia mizimu?"

Watu wakacheka. Muuguzi wetu mkuu hakucheka.

"Ile dawa iko ya bei kidogo kuliko zote kwenye karatasi," alisema. "Mukiitoa, kasha halitaongezeka kitu. Na mgonjwa wake akiikosa siku mbili tu, anaanguka."

Prezida wa mutuelle akanigeukia. "Lisansie, wewe ndiye umesoma. Unasema nini?"

Nilijua muuguzi alisema kweli. Niliijua kweli hiyo kwa ulimi wangu wenyewe. Lakini niliwaza: nikiitetea, watauliza nimejuaje. Watakumbuka kwamba sinywi pombe, kwamba sivuki mto peke yangu. Ndipo nikasema maneno ambayo hakuna aliyeniomba: kwamba dawa ya kila siku inafaa kwenda fungu la tatu, kwa sababu mgonjwa wake anajua mapema atahitaji nini na anaweza kujipanga, tofauti na anayeshikwa na malaria ghafla. Ilisikika kama elimu. Wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nikainua mkono, wa kwanza, na mikono mingine ikafuata. Nikaikata dawa yangu mwenyewe kwenye fungu la kwanza kwa rula, mstari mnyoofu.

Mwezi uliofuata Mama Zaina akaja. Nilimrudishia daftari.

"Sasa iko fungu la tatu, mama."

"Nani alisema?"

"Mkutano."

"Mkutano uko na mudomo? Nauliza ni mutu gani alisema."

Nikavuta daftari la aliyemfuata. Akafunga daftari ndani ya kitenge, akaondoka. Baadaye nilisikia kwamba hata bei ile ndogo ilimshinda, anampa mtoto nusu kidonge ili vidumu. Siku moja nikamwona Mwayuma njiani, mkono wa kushoto umefungwa bendeji kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alikuwa ameangukia mafiga, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ikiwa motoni. Nilipita upande wa pili wa njia.

Mvua zilipozidi, daraja la njia ya Kabambare, inayokwenda Salamabila, likavunjika, na pikipiki hazikupita tena. Kikopo changu kikabaki na vidonge vichache. Nikafanya kama Mama Zaina: nikakata nusu. Kisha robo.

Nilikuwa mbele ya ofisi, siku ya soko, nabandika karatasi mpya mlangoni. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua, na hapakuwa na moto. Mkono wa kushoto ukaanza kucheza wenyewe. Baada ya hapo sijui.

Nilipofumbua macho, kinywa kilikuwa na ladha ya damu, na nilikuwa nimejikojolea mbele ya soko zima. Watu walikuwa wamefanya duara kubwa, kila mmoja akiogopa mate yangu. Mtu mmoja tu alikuwa ndani ya duara. Mama Zaina alikuwa amenilaza ubavu na kuniwekea kitenge chake chini ya kichwa, na alikuwa anamfokea kijana mwenye kijiko.

"Toka na kijiko chako! Unataka kumuvunja meno? Inaisha yenyewe. Muache apumue."

Kikopo kilikuwa kimeanguka na kufunguka. Aliokota kipande cha kidonge, akakigeuza kiganjani. Akanitazama muda mrefu.

"Lisansie," alisema. "Ni ileile."

Afadhali angenitukana.

Muuguzi alinipokea kituoni. "Nani alikuambia ukate? Hii dawa haikatwi kama mukate!" Alinianzisha upya, akanifuatilia wiki kwa wiki. Kwanza nililala kama gogo, kisha kichwa kikawa chepesi. Nilimuuliza dawa inarudishwaje fungu la kwanza. Akasema mwanachama anaandika barua yenye sababu, na komite inalazimika kuita mkutano.

Niliandika barua hiyo mara saba. Katika zile sita niliandika "kuna wagonjwa". Katika ya saba niliandika "mimi".

Niliisoma mkutanoni nimesimama. Nilieleza pia kwamba lile wazo la kujipanga lilikuwa langu, na kwamba lilitoka kwenye woga. Yule mzee akasema, "Kumbe ulipiga kura ya kujinyima dawa mwenyewe." Hakuna aliyecheka. Mama Zaina aliinua mkono bila kunitazama. Dawa ikarudi fungu la kwanza.

Namshukuru Mungu, muuguzi, na mama yule ambaye sikustahili kitenge chake. Sasa ni mwaka mzima sijaanguka. Wengine bado hawakai benchi moja na mimi kanisani. Ninachokuambia wewe unayesoma ni hiki: usikate dawa ya kila siku bila kumuuliza muuguzi. Iulize mutuelle yako dawa yako iko fungu gani kabla haijakuishia, na ikishushwa, andika barua. Na siku ya kuinua mikono, nenda ukiwa na ugonjwa wako wote.

Kila mwezi napanga mstari na daftari langu. Juzi Mwayuma alikuwa mbele yangu. Kovu lake linang'aa, na kidole kimoja hakikunjiki. Alinigeukia.

"Na wewe unaangukaka?"

"Ndiyo."

Akanionyesha mkono wake wenye kovu.

"Basi usikae karibu na moto," aliniambia.