Uhakiki wa Hadithi ya Koti la Mtumba

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa nchini, rafiki yangu wa chuoni alianzisha jarida dogo Dar es Salaam, la hadithi fupi za mambo yasiyowezekana: watu wanaoishi chini ya bahari, maiti wanaorudi kudai urithi, mashine zinazojua siri za waume. Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili sekondari mjini Lindi, nikiishi mtaa wa Rasbura. Akaniomba niwe mhakiki wake. Hadithi zilinifikia kwa basi, pamoja na vijitabu ambavyo waandishi walijichapishia wenyewe, nami nilijaza ukurasa wa mwisho wa jarida. Nyingi zilikuwa mbovu. Mwandishi akishindwa kumaliza, mhusika alizinduka usingizini.

Kisha ikaja ya mwanamke mmoja wa Mtama. Muuza mitumba anapata koti la sufu, na kila anayelivaa huanza kusema lugha ya mwenye koti wa kwanza, akimlilia mke asiyemjua. Kwa nini, mwandishi hakueleza. Koti lilifanya hivyo, basi, na watu wa hadithi wakaendelea kubishania bei. Niliisifu. Nilimalizia kwa kusema kwamba msomaji sasa atasita kuvaa shati la mtumba kabla ya kumjua aliyelivua.

Jumamosi moja, muda mrefu baada ya jarida kutoka, mwanamke mrefu alipiga hodi kwangu.

"Wewe ndiye mhakiki?"

"Ndimi. Karibu, mama."

"Mimi ndiye niliyeandika lile koti."

Nilimpa chai. Akanieleza kwamba yeye mwenyewe anauza mitumba sokoni Mtama. Mwanafunzi wangu mmoja alikwenda huko likizo na jarida, likapita mkono kwa mkono. Wengi hawakuisoma hadithi. Walisoma ukurasa wangu, kwa kuwa ulikuwa mfupi.

"Sasa wanasema mwalimu wa sekondari amethibitisha," alisema. "Nguo zimelala. Hata shemeji yangu amerudisha suruali."

"Si uwaambie ni hadithi tu?"

"Nimewaambia. Wanasema mchawi naye angesema hivyo hivyo."

"Basi nitaandika tena, nifafanue."

"Usiandike tena, mwalimu. Njoo uvae koti."

Nilikwenda siku ya soko. Alinivika koti zito la kijivu, nikakaa nalo mbele ya meza yake jua likiwaka, jasho likinitiririka mgongoni. Watu walisimama mbali, wakinitazama mdomo. Mwishowe bibi mmoja akasogea.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba. Hebu sema tena."

Nikasema tena. Bibi akawageukia wenzake, akasema jambo kwa Kimakonde, wote wakaangua kicheko. Mwandishi akanitafsiria: "Anasema mwenye koti hilo alikuwa mtu wa Lindi."

Baada ya hapo walijaa mezani. Msichana mmoja wa shule aliuliza kwa sauti ya chini kama ipo blauzi ya Mwingereza, maana mtihani ulikuwa unakaribia.

"Ipo," mwandishi alijibu bila kucheka, akamchagulia.

Tulipokuwa tunafunga nguo nilimuuliza wazo la hadithi lilitoka wapi. Alisema aliwahi kukuta jino la mtoto mfukoni mwa koti, limefungwa vizuri kwenye karatasi. Hakujua alipeleke wapi. Alilifukia nyuma ya nyumba, na kwa siku kadhaa akawa anamfikiria mzazi aliyelifunga.

"Hilo hukuliandika," nikamwambia.

"Si langu," akasema.

Hadithi yake ya pili ilihusu wakulima wa korosho waliohamia mwezini. Ilikuwa dhaifu kuliko ya kwanza, nami niliandika hivyo. Alinitumia salamu kwa kondakta wa basi: kwamba mimi nimesema kweli kuhusu katikati ya hadithi, ila mwisho wake sikuuelewa. Niliusoma upya, na bado sikuupenda.

Karatasi ilipopanda bei jarida lilikufa. Rafiki yangu akafungua duka la vipuri vya baiskeli, nami nikabaki na vipindi vyangu. Yule mama aliendelea kuandika. Niliambiwa huwasomea wateja pale pale sokoni, na wakibisha mahali, hupabadilisha.