Farasi wa Kaburi Juu ya Kabati

Mume wangu alikuwa akienda China kuleta vigae vya sakafu, na kila safari alinirudia na zawadi ninayoielewa: kitenge, sufuria, viatu vya kunibana. Safari ile alileta farasi wa udongo, amepakwa rangi za kung'aa, manjano, kijani na kahawia, zimechuruzika miguuni kama uji uliofurika. Goma hata farasi wa kweli hatuna. Nani ananunua farasi?

Nilimweka juu ya kabati la vyombo, nikaanza kumchunguza aliyemleta. Mume wangu alikuwa amepungua. Mkanda wake ulikuwa na matundu mawili mapya, yametobolewa kwa msumari. Dalili ya mvua ni mawingu. Nikasema moyoni, mwanaume wa umri huu hakondi bure. Kuna mwanamke anayemkondea, na farasi huyu katoka kwake.

Kisha jirani yetu wa mtaa wa Murara, mwalimu wa historia, alikuja kunywa chai, akamwona farasi, akafurahi. Akasema Wachina wa kale waliwazika wakubwa wao na farasi kama hawa, wawasindikize huko waendako. Huyu ni wa kuiga, alisema, lakini kazi yao ilikuwa hiyo.

Nilitua kikombe changu. Mwaka ule nilikuwa nakohoa, na nilikuwa nimepimwa. Katika ukoo wetu wa Butembo mgonjwa ndiye wa mwisho kuambiwa: daktari humwita mume pembeni, mume huwaambia mashangazi, mashangazi hupika kuku, nawe unakula bila kujua kwa nini unapendwa ghafla. Sasa nilielewa. Usafiri wangu ulikuwa tayari sebuleni.

Mume wangu aliporudi alinikuta nimempakata yule farasi.

"Papa, docta alikuambia nini juu yangu?"

"Juu yako? Kile kikohozi ni moshi ya makala ya kupikia tu."

"Na hii farasi? Ulijua kazi yake?"

Alikaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo.

"Nilijua. Mwenye kuuzisha aliniambia."

"Basi umeninunulia ya kaburi!"

"Haiko yako, mama. Iko yangu."

Akafungua mkanda, akachukua mkono wangu, akauweka chini ya mbavu zake, mahali palipokuwa pagumu kama jiwe. Kwa daktari alikuwa ameenda peke yake. Safari hii aliyefichwa hakuwa mgonjwa.

Nililia, kwanza kwa aibu ya yale matundu mawili. Kisha nikamrudisha farasi juu ya kabati, nikamgeuza aangalie ukuta, asiuone mlango.