Minyaa ya Itundwe

Siku ya kwanza kazini nilivaa suti. Wapima ardhi wenzangu pale Tabora walikuja na kaptula, wakanicheka. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza katika ukoo wetu wa wakulima wa tumbaku kurudi kutoka Dar es Salaam na stashahada, na karo niliilipa mwenyewe kwa kuponda kokoto. Siku hiyohiyo wakanipa jina, Diploma. Sikulikataa, nalo likanifuata kila nilikokwenda.

Tulichora ramani. Tulibeba theodolaiti, darubini ya kupimia pembe, tukasimika bikoni, yaani mawe ya mipaka. Nilianzia Kigwa, nikahamishiwa Nzega, kisha nikarudishwa Uyui. Kuna jambo chuo hakikutufundisha: porini ukikuta minyaa, ile miti ya utomvu mweupe, imejipanga duara, simama. Wazee wetu Wanyamwezi walizungushia vijiji ua wa minyaa. Watu huhama, kuta za udongo huyeyuka na mvua, lakini minyaa hubaki.

Hivyo ndivyo nilivyoikuta Itundwe, kijiji nilichozaliwa, kwenye njia ya zamani ya misafara. Bibi alisimulia wapagazi wa pembe za ndovu walivyolala pale, wakinunua unga na asali. Tulihamishiwa kijiji cha pamoja barabarani nikiwa mtoto, bibi akiwa ameshazikwa. Ndani ya ua nilikuta mawe ya kusagia na kaburi lake. Nikaiandika Itundwe kwenye ramani kwa mwandiko wangu, ambao ofisi nzima haikuwa na mfano wake.

Mpima wa Mkoa akaniita.

“Diploma, hapa wanakaa wangapi?”

“Waliopo wamelala, mzee.”

“Waliolala hawachimbiwi kisima. Ramani ni ya watu.”

Akachukua wembe, maana wino wa ramani ulifutwa kwa wembe, akalikwangua jina hadi likaisha. Nikaapa: nikistaafu nitakaa pale. Mtu akiwepo, jina litarudi.

Nilipostaafu niliuza nyumba yangu ya Isevya.

“Baba Kulwa, unahamia makaburini?” mke wangu aliuliza. Akabaki mjini kwa binti yetu.

Nilijenga ndani ya minyaa, nikachimba kisima. Maji yakavuta watu: wafugaji kutoka Igunga, wakulima kutoka Lusu, hatimaye vijana wa bodaboda. Itundwe ikawa na moshi asubuhi tena.

Mwaka jana wakaja wapima vijana na vifaa vyao vya satelaiti.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Andikeni: Itundwe.”

Kijana akawageukia akina mama kisimani. “Eti mama zangu, hapa panaitwaje?”

“Kwa Diploma!” wakaitika kwa pamoja.

Nilimweleza habari za misafara, za bibi, za wembe. Alinisikiliza kwa adabu.

“Mzee, sisi tunaandika jina wanalotumia watu. Ramani ni yao. Halafu ni heshima hiyo! Wangapi wanaingia kwenye ramani wakiwa hai?”

Akaandika.

Ramani imetoka, na herufi zake ni safi. Kila baada ya mvua naipogoa minyaa, nafagia kaburi. Bibi yangu alikufa akiwa mtu wa Itundwe. Sasa amelala Kwa Diploma.